Siri Nilizotunza Nikiwa Karani wa Ada

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimelipwa mshahara ili nipokee fedha zisizo zangu. Nilikuwa karani wa hesabu shuleni, yule anayekaa nyuma ya dirisha dogo akikata risiti na kuandaa orodha ya wanaodaiwa ada. Wanafunzi waliniita Mama Risiti, nami sikukataa. Haikuwa kazi ya kumfundisha mtu utu, au ndivyo nilivyodhani nilipoajiriwa. Lakini anayekaa dirishani huyaona mambo yasiyofika mimbarini: nani anamlipia nani, anasema nini wakati analipa, na anasubiri nini akishalipa.

Nina jambo moja la kusema, na nalitanguliza ili msomaji asihangaike kulitafuta. Tunaposifu wema wa siri, kwa kawaida tunamsifu mtoaji kwa unyenyekevu wake. Baada ya miaka yote ile dirishani, naona macho yetu yanaelekea pasipo. Siri ni haki ya anayepokea. Yeye ndiye atakayepita uani kesho yake, atakayekaa darasani na wenzake, atakayekua na kuzeeka akibeba jina lake. Mtoaji akijulikana hapungukiwi kitu. Anayepokea akianikwa, hana pa kujifichia.

Wapo waliokuja kwa kishindo. Namkumbuka mmoja aliyelipa ada ya watoto kadhaa kwa mkupuo, jambo zuri mno, kisha akaomba watoto hao watolewe darasani, wapange mstari mbele ya ofisi, apigwe nao picha wakiwa wameshika risiti zao. Mwalimu Mkuu wa wakati ule alikubali. Shule ilikuwa na shida na fedha zilikuwa mezani. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Wadogo waliifurahia kamera. Wakubwa waliangalia chini, na binti mmoja wa madarasa ya juu alikuwa ameigeuza risiti yake, upande wenye maandishi ukielekea kifuani. Juma lililofuata alikuja dirishani kuniuliza kama mama yake anaweza kuilipa tena ile ada, kidogo kidogo, ili jina lake lifutwe kwenye orodha ya waliosaidiwa. Nimesikia maombi mengi pale dirishani. La mtu kutaka arudishiwe deni lake nililisikia kwa yule binti tu.

Sisemi yule bwana alikuwa mtu mbaya. Ada ililipwa na watoto walisoma. Nikilazimishwa kuchagua kati ya msaada wenye picha na kukosa msaada kabisa, nitachagua picha, kisha nitakwenda kumwomba radhi yule binti. Ila aghalabu hakuna anayetulazimisha kuchagua hivyo. Tunajilazimisha wenyewe.

Wengine walikuja kimya, na hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa ngumu. Ukitazama kwa nje ni jambo jepesi: mtu analeta fedha, anasema mtoto asiambiwe, unakata risiti, basi. Lakini leja haina safu ya siri. Risiti lazima ionyeshe aliyelipa na anayelipiwa, na mkaguzi akija mwisho wa mwaka atataka kujua fedha zilitoka wapi. Tuliwahi kuandika "msamaria mwema" kwenye nafasi ya jina. Mkaguzi akatukataza, na alikuwa sahihi, maana kwa jina kama hilo mtu anaweza kuingiza chochote na kutoa chochote. Mwishowe tukapata utaratibu uliodumu. Risiti halisi yenye majina yote mawili alipewa mtoaji. Nakala ikafungiwa kwenye kabati la Mwalimu Mkuu. Mzazi akapewa barua fupi isemayo kwamba ada ya mwanawe imelipwa hadi muhula fulani. Majirani hawakujua. Vitabu vya hesabu vilijua.

Mwalimu Mkuu aliyefuata, mama asiyecheka ovyo, aliongeza sharti: hakuna atakayemlipia mtoto wa mtu ada bila kwanza kukaa na yeye Mwalimu Mkuu ana kwa ana, na hakuna mtoaji atakayekutana na mtoto huyo faragha. Baadhi walichukia. Mtu anatoka nyumbani na fedha zake, nia yake safi, anafika anahojiwa kama mtuhumiwa. Lakini mama yule alikuwa ameona dunia. Mtu mzima anayemlipia binti wa watu kwa siri huenda anatoa sadaka, na huenda anaweka rehani. Siri inawafunika wote wawili kwa shuka moja. "Mwenye nia njema atachukia maswali yangu leo," alisema, "kesho atarudi." Kuna mmoja aliyesikia habari za maswali akiwa bado kwenye benchi la kusubiria. Aliondoka na hatukumwona tena.

Kuhusu wazazi, nilitegemea machozi ya furaha. Yalikuwapo, lakini mara nyingi lililotangulia lilikuwa hofu. Baba mmoja alisoma barua, akaisoma tena, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Nani? Anataka nini kwetu?" Siku hiyo sikuwa na jibu la maana. Baadaye nilijitengenezea jibu ambalo nimelitumia mpaka nastaafu: Mwalimu Mkuu anamfahamu. Hataki chochote. Ameomba asitajwe. Baada ya hapo nilinyamaza, hata waniulize vipi.

Wafanyakazi wenzangu walinishauri nidanganye kidogo, niseme shule imesamehe deni au kuna mfuko maalumu umelipa. Ushauri ulitolewa kwa huruma, ila haukufikiri mbali. Mzazi akiamini shule imesamehe, muhula ujao atangojea isamehe tena. Atamwambia jirani, na jirani atakuja kuuliza kwa nini yeye hakusamehewa. Uongo wa kumstahi mtu mmoja ungewatia uchungu wengine wengi. Kunyamaza na kudanganya vinafanana kwa mbali, lakini anayefanya kazi dirishani hujua haraka kimoja kinamrudia na kingine hakimrudii.

Hofu ya yule baba niliielewa kuliko alivyojua. Mimi mwenyewe nilisomea uhasibu kwa fedha za ndugu wa karibu. Alilipa yote, bila kuchelewa hata muhula mmoja, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Lakini kila ukoo ulipokutana alilileta. Nikichelewa kuamkia, "huyu ndiye niliyemsomesha." Nikitoa maoni tofauti na yake, "elimu hii nimeinunua mimi." Nilipochumbiwa, alimweleza mchumba wangu gharama zangu kabla hata hajamuuliza jina la baba yake. Deni la fedha lina kiasi na lina tarehe. Deni la fadhila, mdai ndiye anayeamua limekwisha au la, na wa kwangu hakuwahi kuamua. Watu husema fadhili mbuzi, binadamu ana maudhi, wakimaanisha anayefadhiliwa. Nami nasema mfadhili naye ana yake.

Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inawaonya waumini wasiziharibu sadaka zao kwa masimango na maudhi. Nilikuwa nimeisikia tangu utotoni ikanipita kama maneno mengine ya ibada. Nilipoisoma tena nikiwa mtu mzima, nikiwa nimeshayala masimango yenyewe, nilistaajabia uzito wake: maneno yanayokuja baadaye yanaifuta sadaka iliyokwishatolewa, fedha ikiwa imeshafika na kazi imeshafanyika. Aya ya 271 ya sura hiyohiyo inatulia zaidi. Inasema kuidhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha ukawapa mafukara ni bora zaidi. Haikumkataza anayetoa hadharani. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, mkono wa kushoto unaambiwa usijue mkono wa kulia unafanya nini, na mikono hiyohiyo miwili imo katika hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad kuhusu watu saba watakaopata kivuli cha Mungu Siku ya Kiyama. Wayahudi nao, katika Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, wanasimulia kwamba Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na chumba cha siri: wacha Mungu waliweka humo mali bila kuonekana, na maskini waliotoka familia za heshima wakaruzukiwa kutoka humo, nao bila kuonekana. Naupenda sana mpango wa chumba kile kwa sababu za kikazi. Waliokijenga walitambua kwamba siri njema huhitaji utaratibu, mlango na mtu wa kuaminika. Moyo mzuri peke yake hautoshi.

Kuna msaada mwingine niliwahi kuupokea ambao haukuwa na msimangaji. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nilivuja damu nyingi na nikaongezewa. Mfuko uliotundikwa kando ya kitanda ulikuwa na namba na kundi la damu, hakuna jina. Baadaye nilidadisi, maana ni ada yangu kudadisi. Mtu akichangia damu hutoa kama mililita 450. Maabara huweza kuitenganisha, chembe nyekundu peke yake, chembe sahani peke yake, utegili, yaani majimaji ya damu, peke yake, hivyo mchangiaji mmoja huweza kuwafikia wagonjwa zaidi ya mmoja. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi hudumu hadi siku 42. Chembe sahani hazifiki hata wiki mbili. Maana yake yule mtu alichangia majuma machache tu kabla sijaumwa, akaenda zake kazini au nyumbani, na hadi leo hajui kama damu yake ilitumika au ilimwagwa. Hawezi kuja kwenye harusi ya mwanangu kusema, "bila mimi." Kwa miezi kadhaa jambo hilo lilinisumbua, shukrani isiyo na anwani. Kisha likanipa wepesi ambao elimu yangu haikuwahi kunipa. Mume wangu alianza kuchangia mwaka uleule, na hakuwa mtu wa kupenda sindano.

Nirudi dirishani. Kati ya wenye kishindo na wakimya kuna kundi la tatu, na nakiri ndilo lililonichekesha zaidi: anayejificha nyuma ya mlango huku akikohoa. Huyu anasisitiza siri kuliko wote. Anataka bahasha isiyo na jina, anataka niape. Baada ya juma anapita ofisini, eti alikuwa njiani tu. "Walisema nini? Mama yake alilia? Hawakuhisi ni nani?" Bwana mmoja wa namna hiyo alinipendekezea kwamba, kama itatokea tu kwa bahati, ulimi wangu unaweza kuteleza. Nilimjibu kwamba ulimi hautelezi, ila ninaweza kumpa maksi za mtoto za hisabati. Alizipokea akiwa amenuna kidogo. Muhula uliofuata alikuja kuuliza maksi mwenyewe, na sijui lini hasa, lakini kufikia mwaka wa mwisho alikuwa akiniuliza kwa nini jiometria imeshuka.

Kikohozi hicho tunacho sote. Mwaka 1990 mchumi wa Marekani, James Andreoni, aliandika kuhusu joto ambalo mtu hulipata moyoni kwa kule kutoa kwenyewe, mbali na faida anayoipata msaidiwa, akaonyesha kwamba huwezi kueleza utoaji wa watu vizuri ukiliacha joto hilo nje ya hesabu. Wapo wanaolisikia hilo wakahuzunika, kana kwamba wema wote umekuwa biashara. Mimi halinisumbui. Joto la mtoaji halimwunguzi anayepokea. Kinachomwunguza ni mtoaji anapotaka joto hilo liwashwe upya kila baada ya siku chache, kwa kuni za mwenzake.

Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri katika karne ya 12, alizipanga sadaka katika ngazi nane. Watu wengi wakinukuu ngazi hizo huishia pale ambapo mtoaji hamjui mpokeaji na mpokeaji hamjui mtoaji. Hiyo ni ya pili kutoka juu. Ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kabla hajaanguka, kwa mkopo, kwa ubia au kwa kazi, asihitaji kuomba. Niliiona ngazi hiyo mara chache sana, na safari moja niliiona bila kujua ninaiona. Mama mmoja alikuwa na malimbikizo ya ada ya watoto watatu. Mjumbe mmoja wa bodi ya shule alijua ana cherehani na mkono mzuri. Badala ya kulipa, alikuja kwa Mwalimu Mkuu na kupendekeza zabuni ya sare igawanywe, mafundi wadogo nao wapewe nafasi ya kuomba. Mama yule aliomba, akashona sampuli yake, akapata sehemu. Alimaliza malimbikizo kwa jasho lake. Hadi leo anaamini alipata kazi ile kwa sababu anashona vizuri, na ni kweli anashona vizuri. Hakuna wa kumsimanga kwa sababu hakuna deni.

Sasa nimseme Mzee. Nitamwita hivyo tu.

Mzee alisifika kwa ubahili. Koti moja miaka yote, michango ya shughuli za watu alitoa ile ya chini kabisa, na kwenye harambee hakuinua mkono. Ana mkono wa birika, walisema, na walisema mbele yake. Kila muhula, ofisi ikikaribia kufungwa, alikuja dirishani na swali moja: "Nani yuko karibu na mtihani na hajamaliza?" Nikianza kutaja alinikatiza. "Nipe kiasi, usinipe jina." Alihesabu fedha, akachukua risiti akaikunja bila kuisoma, akaondoka. Sikuwahi kumsikia akiuliza kama mtoto amefaulu.

Kunyamaza wakati watu hawana habari nawe ni rahisi. Kunyamaza wakati unaitwa mchoyo ni kitu kingine, na kwa hilo nilimheshimu Mzee kuliko wafadhili wote niliowahudumia. Inasimuliwa kwamba Ali Zainul Abidin, kitukuu cha Mtume, alikuwa akidhaniwa bahili na baadhi ya watu wa Madina. Alipofariki, nyumba nyingi za mafukara zikaona chakula kilichokuwa kikifika usiku hakiji tena, na waliomwosha wakakuta mgongoni alama za magunia aliyokuwa akiyabeba. Niliikumbuka simulizi hiyo kwenye maziko ya Mzee, pale msemaji mmoja alipotania kwamba marehemu alijua kuitunza senti. Watu walicheka, kicheko cha upole, hawakuwa na ubaya. Mwalimu Mkuu alikuwa upande wa pili wa umati. Tulitazamana. Hakuna aliyesema kitu.

Majuma machache baadaye binti yake mkubwa alikuja ofisini akiwa na sanduku la bati. Lilikuwa limejaa risiti zetu. Aliliweka mezani akasema, "Shikamoo mama. Naomba uniambie ukweli. Hawa ni watoto wa nani?"

Nilichukua muda kuelewa anauliza nini. Majina mengi, ya koo mbalimbali, na baba yake ndiye aliyelipia ada. Mjane alikuwa ameziona kwanza, hakulala siku mbili. Walikuwa wameshaanza kupiga hesabu ya umri wa wale watoto na safari za baba yao za zamani.

Nicholas Winton, Mwingereza aliyesaidia kuwatoa watoto 669 kutoka Prague mwaka 1939, wengi wao Wayahudi, alikaa karibu nusu karne bila kulizungumzia sana hadharani. Jambo hilo lilikuja kufahamika sana mwaka 1988, baada ya mkewe kukuta darini daftari la picha, barua na majina ya watoto. Husimuliwa kama kisa cha unyenyekevu, ingawa mwenyewe alikuwa akisisitiza kwamba waliobaki Prague wakifanya kazi ya hatari, akina Trevor Chadwick na Doreen Warriner, walistahili sifa zaidi yake. Mimi kikinijia huwa namfikiria mke aliye darini, na karatasi mkononi ambazo hajui zinahusu nini. Karatasi hubaki. Anayetenda wema kwa siri na ana watu wake nyumbani, na amwambie walau mmoja. Mzee angeokoa usingizi wa mjane wake kwa maneno machache tu.

Tulikubaliana na Mwalimu Mkuu kwamba mwenye siri amekwishafariki na kimya chetu sasa kinamchafua. Tukamweleza binti: hawa ni wanafunzi waliokuwa karibu na mtihani, baba yako hakumjua hata mmoja, hakutaka hata kusikia majina. Nilidhani atafarijika. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo alikuwa nazo." Akaanza kuhesabu, si risiti, bali mambo ya nyumbani kwao: safari za shule ambazo yeye na nduguze hawakwenda, meno ya mama yake yaliyosubiri, viatu vilivyorithiwa hadi mtoto wa mwisho. Ule ubahili ambao kwa mtaa ulikuwa utani, kwao ulikuwa maisha. Fedha zile zilikuwa na chanzo, na sehemu ya chanzo ilikuwa wao, bila kuulizwa.

Sikuwa na la kumjibu, na bado sina. Nimewahi kusikia wahubiri wawili wakikieleza kisa kama hiki kwa urahisi, mmoja akimtetea baba, mwingine akiwatetea watoto. Wote wawili hawakuwa na sanduku lile mezani pao.

Wadogo zake walilipokea tofauti. Walitaka baba asafishwe jina, na walitaka mtaa mzima ujue. Wakaanzisha mfuko wa ada wenye jina lake, wakautangaza. Mimi nilinuna. Niliona wanamfanyia marehemu kile alichokikwepa maisha yake yote, na nilimwambia Mwalimu Mkuu hivyo. Yeye aliniuliza swali la kihasibu: muhula huu wamelipiwa wangapi, na muhula wa mwisho wa Mzee walilipiwa wangapi? Nilijua jibu kabla sijafungua leja. Waliosikia kwamba yule bahili alikuwa hivyo, walianza kuleta na wao.

Chuck Feeney, mfanyabiashara wa Marekani mwenye asili ya Ireland, alianzisha wakfu wake mwaka 1982, akauhamishia takriban mali yake yote, na kwa miaka mingi waliopokea walikatazwa kumtaja. Hakutaka jina lake liwekwe kwenye majengo aliyoyagharamia. Siri ilitoka mwaka 1997 kwa sababu ya kesi iliyotokana na kuuzwa kwa biashara yake, ikawa ni ama aseme mwenyewe au asemwe. Baada ya hapo hakurudi mafichoni. Alianza kuwaeleza matajiri wenzake hadharani kwamba watoe wakiwa hai, na wakfu ulifunga shughuli mwaka 2020 ukiwa umetoa zaidi ya dola bilioni 8. Kwa miaka nilikuwa nikiikumbuka nusu ya kwanza ya habari hiyo tu. Baada ya mfuko wa Mzee nikaanza kuikumbuka na ya pili.

Binti mkubwa hakushiriki kuuanzisha mfuko. Alijiunga baadaye, akiwa na sharti moja, na ndiye aliyeliandika kwenye katiba kwa mkono wake: majina ya wachangiaji yanaweza kutangazwa wakipenda, majina ya wanaolipiwa hayatasomwa kwenye mkutano wowote wala hayatapelekwa kwa mchangiaji yeyote, hata akiwa wa familia. Alichaguliwa kuwa mweka hazina. Mimi nilikuwa nimekaribia kustaafu, nikamwonyesha jinsi ya kugawa nakala za risiti ili mkaguzi aridhike na mtoto asionekane. Alijifunza upesi. Jina la baba yake alikuwa akiliandika juu ya kila ukurasa bila kusema chochote juu yake.

Mwaka wa kwanza, mchangiaji mkubwa kuliko wote aliomba aandaliwe kikao na watoto, na mpiga picha awepo. Wadogo zake walitaka kukubali. Yeye akajibu kwa barua ya mistari miwili: hesabu zilizokaguliwa anaweza kuzipata siku yoyote ya kazi, watoto, hapana. Yule mchangiaji alipunguza mchango wake ukabaki nusu. Nusu hiyo bado anaileta.